Kola Mpaka Mvua ya Kwanza

Mbissane, 11 Februari 2018

Latyr,

Sikuulizi hali. Ungekuwa mgonjwa tungeshasikia, maana wewe ukiumwa jino tu kijiji kizima kinaambiwa.

Usinipigie simu, nimeifunga namba yako. Kwenye simu unacheka, unasema "Dada, mtandao unasumbua," na mtandao unasumbua kila ninapofika kwenye neno lenyewe. Karatasi haina mtandao. Barua hii analeta Ndiogou wa kwa kina Faye, anarudi Lyon Jumanne. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asimame hapo hapo mpaka uifungue.

Jana asubuhi tulikwenda uwanjani kugeuza samaki, tukakuta vigingi. Thelathini na nane, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepita katikati ya vichanja vyetu kuanzia kwenye tanuri za kuchomea mpaka kule tunakofukia konokono wa baharini ili wavunde wawe yeet. Kigingi kimoja kimechomekwa juu ya shimo la Mossane. Kimetoboa gunia, yeet yake ya siku tatu yote imejaa mchanga. Mossane alikaa chini akalia, mwanamke mzima mwenye wajukuu saba.

Nikamfuata mpimaji. Akanifunulia ramani. Nyumba kumi na tisa za wastaafu kutoka Ufaransa, na bwawa la kuogelea. Bwawa, Latyr, hatua arobaini kutoka baharini. Nikamwambia uwanja huu una wenyewe. Akasema wenyewe wameshautoa, kidole cha Mama Siga kipo kwenye karatasi, na mwanawe ndiye aliyemsomea.

Novemba mimi sikuwepo. Nilikuwa Joal kununua konokono, na naanza kudhani siku ile ilichaguliwa kwa sababu hiyo. Mama ananieleza kwamba alikuja mwanamke wa kampuni yenu, na kapu la kokwa za kola, nyeupe na nyekundu, na kitambaa kizuri. Mama akawaita wanawake wote, akazipasua kola, kila mmoja akatafuna kipande chake. Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa maana yake. Mgeni ameomba mahali, amepewa, mpaka mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha analeta kola nyingine, au anaondoa kiti chake. Mti ruhusa, majani ruhusa, saruji hapana. Ndivyo walivyokaa Waguinea waliokuja kuchoma samaki, ndivyo alivyokaa fundi wa mitumbwi miaka kumi na moja. Na mgeni wa safari hii alikuwa yule mzee wenu, Bwana Courbon, mstaafu wa reli, na kibanda chake cha mbao kule pembeni. Hakuna mwanamke aliyekataa.

Simu ya Mama iliwekwa spika. Yule mwanamke alikuwa ameshika karatasi, wewe huko una nakala yako. Mama alitoka hapo akijua ni mgeni mmoja, msimu mmoja.

Ulimsomea nini?

Dada yako,
Dibor


Lyon, 4 Machi 2018

Dada yangu mpendwa Dibor,

Ndiogou alisimama kweli, na viatu vyake vya matope kwenye zulia langu, akaniangalia nikisoma kama mwalimu wa zamu. Umefurahi?

Umeandika kwa hasira na sikulaumu, mabadiliko yanatisha. Lakini nisikilize. Kila wikendi nasimama kwenye kumbi za maonyesho, leo Grenoble, wiki ijayo Nancy, nyuma ya meza yenye picha za bahari yetu. Wanakuja wazee wa watu, mume kafa, watoto wako mbali, miguu inauma kwa baridi. Nawaambia kuna mahali ambapo jua linawaka mwaka mzima na majirani watakujua kwa jina. Kuna mmoja alinishika mkono akalia. Hii si kazi ya wizi. Mimi nawapeleka watu kwenye joto.

Na ninyi mtafaidika. Nyumba kumi na tisa zinahitaji wapishi, wafuaji, walinzi. Mossane anaweza kupika kivulini badala ya kuungua na moshi katika umri ule. Kampuni imekubali kuwapa uwanja mwingine nyuma ya barabara kuu, karibu na dampo, ambako harufu haitamsumbua mtu. Mimi ndiye niliyepigania hilo, na hakuna aliyenishukuru.

Kuhusu harufu nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nilipokuwa shule ya bweni Mbour, wenzangu walivuta madawati yao mbali na langu. Jina langu lilikuwa Yeet. Miaka minne, hakuna aliyeniita Latyr isipokuwa mwalimu. Nilijisugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka, na bado nilinuka. Kwa hiyo mtu akiniambia uwanja ule ni mtakatifu, nisamehe, mimi naukumbuka kwa ngozi yangu.

Mama nilimsomea kilichoandikwa, kwa lugha anayoielewa. Tusiligeuze jambo hili kuwa kesi. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii na mwezi wa tisa kinapaswa kufanywa upya. Ukipiga kelele, wa kwanza kuumia ni mdogo wako.

Nifungulie simu.

Latyr


Mbissane, 25 Machi 2018

Latyr,

"Kwa lugha anayoielewa." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua yote. Mtu asiye na la kuficha angesema "nilimsomea hivi na hivi."

Pole kwa madawati ya Mbour. Nasema kweli, pole, sikujua. Lakini mwenye harufu ile alikuwa nani? Mimi nilitolewa shule darasa la tano nikaingia uwanjani ili wewe uende bweni. Harufu iliyokuganda ni ya mikono yangu na ya Mama, na ungeiweka kwenye kipimo cha aibu sisi tungeona aibu zaidi yako, maana sisi hatukupata likizo. Sasa unataka kutuhamishia dampo kisha tukushukuru.

Na acha kusema "uwanja wa Mama" kana kwamba ni sufuria yake. Uwanja ni wa upande wa mama. Bibi alipewa na mama yake, Mama akapewa na Bibi, mimi nitapewa na Mama, nami nitampa binti wa ndugu yetu Mossane kwa sababu mimi sikuzaa. Wewe ni mtoto wa kiume, pale huna hata upana wa mkeka. Kulala umelala, kula umekula. Kutoa huwezi, na hata Mama peke yake hawezi kutoa. Uliyajua haya tangu unanyonya.

Bwana Courbon wako ninaye hapa. Desemba yote alipita na barakoa usoni kama daktari wa kipindupindu. Akitukuta tunageuza yeet anasimama mbali, anaandika kwenye daftari lake saa na dakika, harufu imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi. Siku moja Mama akamwita kula. Wali wa samaki, umeiva vizuri, ukoko umeshika chini. Akala, akakwangua mpaka ukoko, akauliza ni kitu gani kinachoupa wali utamu wa namna ile. Nikamwambia, "Ni hiyo unayoizibia pua." Wanawake walicheka mpaka Mossane akashika nguzo. Yeye hakucheka, alikaa anaitazama sahani kama mtu aliyeibiwa.

Halafu akatuletea kijitabu chenu cha matangazo, chenye picha ya ufuo. Nimeitafuta Mbissane kwenye picha ile sikuiona. Tanuri hakuna, vichanja hakuna, sisi hakuna. Mchanga mtupu na mwavuli mmoja. Lakini aliyetufuta alifanya haraka. Kivuli cha kichanja kimebaki mchangani, pale chini mkono wa kulia, kivuli bila kitu chake. Nilimwonyesha Bwana Courbon kwa kidole. Akavaa miwani, akatazama picha, akatazama uwanja, akakunja kijitabu.

Nimemweleza kuhusu mvua ya kwanza. Akasema vizuri, kola ngapi, na akaandika.

Nimepeleka pingamizi kwenye baraza la kata. Karani wao ni Demba Thiam, Mtukulori, mtani wetu. Aliniuliza watumwa wake wa Kisereri wamefuata nini ofisini. Nikamwambia tumekuja kuhesabu mali yetu na tumeanza na yeye. Baada ya utani akavaa uso wa kazi akaniambia ukweli: kidole cha Mama kipo, karatasi inasema milele, na bila ushahidi kwamba alidanganywa tutashindwa. Tutasikilizwa tarehe 19 Julai.

Namba yako bado imefungwa.

Dibor


Mbissane, 24 Juni 2018

Kwa Bwana Latyr Ngom,

Nilifanya kazi ya reli miaka thelathini na sita, Saint-Étienne, na nimezoea kuandika mambo kwa mpangilio. Naomba unisome kwa mpangilio huo huo.

Mvua ya kwanza ilianza jana saa kumi na dakika ishirini jioni. Leo saa tatu asubuhi nilimpelekea mama yako kola ishirini, nilizozinunua Mbour kwa kufuata maelekezo ya dada yako: ngumu, zisizo na doa. Wanawake kumi na wawili walikuwepo. Mama yako alizipasua, nami nikapewa kipande. Ni kichungu sana. Nilikimaliza. Waliniambia sasa nina mahali pangu mpaka mvua ya mwaka ujao. Tangu mke wangu afariki hakuna mtu aliyeniambia kwamba nina mahali, kwa hiyo nakiri kwamba macho yaliniuma, na haukuwa moshi.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Nilikuandikia mara tatu msimu wa baridi kulalamika harufu. Harufu bado siipendi na sitajifanya naipenda. Lakini ilikuwepo hapa kabla yangu, na wewe, Bwana Ngom, uliyekulia ndani yake, ulinitazama machoni kwenye ukumbi ule wa Dijon ukaniambia kwamba ufuo huu hauna mtu. Nilikuuliza mara mbili. Nakumbuka hata tai uliyovaa.

Ulinishika mkono ukaniambia nitapata majirani. Nimewapata. Sasa naona vigingi vyekundu, na mwanamke wa kampuni ananiambia kwamba kufikia Desemba majirani hao watakuwa wameondolewa "kama nilivyoahidiwa". Mimi sikuahidiwa kuondolewa kwa mtu. Niliahidiwa kwamba hakuna mtu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yote mawili ni uongo wako.

Nasubiri maelezo kwa maandishi.

Régis Courbon


Lyon, 4 Julai 2018

Kwa Bwana Courbon,

Naandika haraka na barua hii inakuja na mfuko wa barua za kampuni ili isikawie. Maelezo ya mengine nitakupa tukionana. Kwa sasa nina ombi moja zito.

Tafadhali usipeleke kola tena, na ukiulizwa na baraza la kata tarehe 19 sema zile zilikuwa zawadi ya urafiki tu. Hujui ulichokifanya, na si kosa lako. Kwetu sisi, anayeleta kola ni mgeni, na anayeipokea ni mwenye ardhi. Ukileta kila mvua, mbele ya mashahidi, unakiri kwamba ardhi ni yao na wewe umeazimwa tu. Hakuna mzee wa pwani ile atakayeielewa vinginevyo.

Mwezi wa Novemba ilibidi kampuni ipeleke kola, kwa ushauri wangu, kwa sababu bila kola mama yangu asingeweka kidole. Aliichukulia kuwa ni ya msimu, kama desturi ilivyo, na sikuona haja ya kumsahihisha. Ni mtu mzima, jambo lingemsumbua bure. Lakini kisheria kinachohesabika ni karatasi. Tukiiacha desturi iingie mlangoni kwa mikono yako, mradi wote utaanguka, na nyumba yako mwenyewe nayo.

Ichane barua hii ukishaisoma.

L. Ngom


Mbissane, 12 Julai 2018

Latyr,

"Ichane barua hii ukishaisoma." Hakuichana.

Alikuja nayo jana mchana, amevaa kofia yake ya majani, jasho linamtoka. Alisema, "Madamu Dibor, nimefanya kazi chini ya wakubwa wabaya, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha jinsi ya kumdanganya mwenye nyumba yangu." Akaniwekea barua juu ya kichanja katikati ya samaki, akaondoka. Nimeisoma nimesimama. Mafuta ya samaki yameingia kwenye kona, lakini maneno yote yanasomeka, na saini pia.

Kwa hiyo ulijua. Nilikuwa nimekuwekea udhuru, mjinga mimi. Nilijiambia pengine ameshakaa sana huko, Kisereri kimemtoka, alisoma vibaya, alipitiwa. Kumbe unajua desturi kuliko sisi. Umeikalia chini, ukaipima, ukaona mahali pa kuingizia kisu. "Bila kola asingeweka kidole." Uliwachagulia hata rangi, nyeupe na nyekundu, kwa sababu unajua Mama anapenda zikichanganywa. Mgeni kabisa asingeweza kutuibia hivi. Ilihitaji mtoto wa nyumbani.

Na hilo la "mtu mzima, jambo lingemsumbua bure" nimelikata nikalitia moyoni, litakaa humo.

Mama hajui. Kila siku anawaambia wanawake kwamba kampuni ndiyo iliyokosea, wazungu wamechanganya karatasi, Latyr akija atawanyoosha. Anakusubiri kama anavyosubiri mvua. Mimi nimekaa kimya nasikiliza, na barua yako iko kiunoni ndani ya kitambaa changu.

Nakupa mpaka tarehe 19. Njoo mwenyewe usimame mbele ya baraza useme ulichomsomea. Au mwandikie Mama kwa mkono wako, nami nitamsomea. Huyu anayeleta barua anarudi huku tarehe 17, mpe jibu.

Ukikaa kimya nitaisoma.

Dibor


Lyon, 15 Julai 2018

Dada,

Nimeandika mara nne nikichana. Hii naipeleka vyovyote itakavyokuwa.

Haya, nitakuambia. Nilikuwa kwenye ofisi ya mkurugenzi, amekaa mbele yangu, simu iko mezani. Nikasikia sauti ya Mama ikitoka pale, "Mwanangu, umekula?" Mkurugenzi akacheka kidogo. Nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri, Dibor, nakuapia, majina, mipaka, kutoka tanuri mpaka mwisho wa mashimo. Nikafika penye neno "milele". Nikasikia Mama anapumua. Nikasema "msimu". Neno moja. Mengine yote yalikuwa sawa. Mama akasema, "Basi kama ni msimu hakuna neno, mlete mgeni." Nikasikia kola inapasuka.

Unaniita mwizi. Wewe ulibaki na Mama. Mimi nilitumwa, na kila aliyenituma alitaka nirudi na kitu. Bati la nyumba, miwani ya Mama, jenereta ya msikitini, nani hakuomba? Hamkuwahi kuniuliza napata wapi. Mlitaka mtoto wa Ulaya, na mtoto wa Ulaya anatengenezwa hivi. Nina hasira na ninyi nyote, na wewe zaidi, kwa sababu wewe ndiye uliyenisukuma kwenye basi la Mbour nikiwa nalia ukasema usigeuke.

Ukiisoma barua ile mbele ya baraza, kampuni itanifukuza siku hiyo hiyo na kibali changu kitakufa Septemba. Nitarudishwa na mfuko wa plastiki kama wale tunaowaona uwanja wa ndege. Na Mama atasikia mbele ya watu. Hilo la pili ndilo linaloniua. Kuja siwezi, na kumwandikia siwezi, nimejaribu, mkono unasimama kwenye "Mama".

Ichome. Tafuta njia nyingine ya kushinda, wewe una akili. Ichome, dada yangu, nakupigia magoti.

Latyr


Mbissane, 22 Julai 2018

Latyr,

Barua yako ilifika tarehe 17. Nililia, nikuambie ukweli, kwa sababu ya lile basi. Sikukusukuma kwa nguvu nilizokuwa nazo zote. Kama ningekusukuma kwa nguvu zote ungeanguka.

Niliamua nisiisome. Nilikwenda barazani na barua mbili kiunoni, yako kwa Bwana Courbon na yako kwangu, nikajiambia nitatumia kola ya Juni na mashahidi kumi na wawili, na itatosha. Chumba kilijaa. Wanawake wote wa uwanjani walikuja na nguo zao za kazi makusudi, na watu wa kampuni wakafungua madirisha.

Bwana Courbon akasema yake, saa na dakika. Wakili wa kampuni akamwambia kola ni zawadi tu. Kisha akamgeukia Mama, kwa upole, kama anavyozungumza na mtoto. "Mama, karatasi hii ulisomewa?" Mama akasema ndiyo. "Na nani?" "Na mwanangu." "Mwanao ni msomi?" Mama akajinyoosha, Latyr. Ungemwona. "Msomi sana," akasema. "Ana shahada mbili." Wakili akauliza, "Na mwanao anaweza kukudanganya?"

Mama akasema, "Mwanangu hasemi uongo. Kama karatasi inasema milele na yeye ndiye aliyeisoma, basi alisema milele, na mimi ndiye niliyesikia vibaya. Masikio yangu ni ya kizee."

Mossane alianza kulia. Mwenyekiti alishika kalamu. Uwanja wa Bibi ulikuwa unaondoka pale pale, mbele ya macho yangu, kwa sababu mama yako alikataa kukuita mwongo.

Nikasimama.

Niliisoma ya Bwana Courbon kwanza, kwa Kifaransa, kwa ajili ya baraza. Halafu mwenyekiti akasema mama atafsiriwe. Demba Thiam alijitolea, nikamwambia hapana, mtani, hii ni kazi ya nyumbani. Nikapiga magoti mbele ya Mama nikamtafsiria kwa Kisereri, neno kwa neno. Sikuruka hata moja, sikulainisha hata moja. Nilipofika kwenye "mtu mzima, jambo lingemsumbua bure" nilimtazama usoni nikalisema. Kisha nikasoma ya kwangu, ile sehemu ya simu na mkurugenzi. Niliposema "umekula" alifumba macho. Niliposema "msimu" aliyafumbua.

Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akamrudishia mwenye kikombe akamshukuru.

Baraza limefuta karatasi yote. Vigingi tumeving'oa sisi wenyewe siku iliyofuata, na Mossane amechochea navyo moto wa tanuri, rangi nyekundu ilitoa moshi mbaya. Wakili alikupigia simu akiwa bado mlangoni, kwa hiyo huko kwako unajua zaidi yangu. Bwana Courbon yupo, barakoa ameitundika msumarini. Juzi alimfukuza mtalii aliyesimama kupiga picha vichanja bila kuomba.

Sikuombi msamaha. Nilitaka uone kwamba nimekaa siku tatu nikitafuta mahali ambapo ningeweza kukuokoa bila kuuza uwanja, na sikupaona. Bado nina hasira nawe kiasi kwamba nikikuta shati lako la zamani kwenye kamba namwachia mwingine alianue.

Jana alasiri Mama aliniita uwanjani. Alikuwa amekaa karibu na mashimo, ana kola moja iliyobaki kwenye zile za Juni. Akaipasua. Nusu akaitafuna, nusu akanipa nikutumie. Iko humu ndani ya bahasha, ili usije ukakosea aina.

Akasema, "Mwandikie Latyr. Mwambie nyumba ipo, chakula kipo, kitanda chake sijakitoa. Akifukuzwa huko, aje. Ila aje na kola."

Nikamwuliza, "Umpe mpaka lini, Mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mpaka mvua ya kwanza," akasema. "Kama wageni wengine."

Dibor